Vocha ya dharura inapokwisha: kazi ya mwaka mzima kabla ya kodi kamili

Barua ya kwanza huwa fupi. Inasema fedha za mpango zinakaribia kwisha na kwamba ofisi ya nyumba itatoa taarifa zaidi. Haina kiasi cha kulipa wala siku ya kuhama, kwa hiyo katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Marekani, hasa za ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kyangwali au Kakuma, inawekwa juu ya friji pamoja na karatasi za shule na bili za hospitali. Ikija ya pili, yenye tarehe, muda mzuri umeshapita. Haya ni mambo tuliyojifunza katika kuwaandaa wapangaji kabla ya tarehe hiyo, na tunayaandika kwa ajili ya wapangaji wenyewe na kwa wale wanaokaa nao mezani: wakalimani, wachungaji, maimamu, watoto wakubwa wa nyumba.

Tunazungumzia vocha za dharura za nyumba, yaani msaada ambao ofisi ya nyumba ya mji au kaunti humlipia mpangaji sehemu ya kodi yake. Zilitokana na sheria iliyotiwa saini Machi 11, 2021, wakati wa korona: dola bilioni 5, vocha zipatazo 70,000, kwa watu wasio na makazi, walio hatarini kuyapoteza, na waliokimbia ukatili wa majumbani. Tangu Septemba 30, 2023, mtu akiiacha vocha yake, hapewi mwingine. Sheria iliruhusu fedha zitumike hadi 2030, lakini kodi za nyumba zilipanda na fungu likaliwa haraka, na Machi 2025 HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, iliziandikia ofisi za nyumba kwamba fungu lililobaki ndilo la mwisho. Kila ofisi ina hesabu yake na tarehe yake. Jirani yako wa kaunti ya pili anaweza kuwa na miezi sita zaidi yako, au sita pungufu. Sauti za WhatsApp zinazosema "wameongeza mwaka" huwa zinahusu mji mwingine au mpango mwingine kabisa. Tarehe ya kuiamini ni ile iliyoandikwa na ofisi yako, kwenye karatasi yenye jina lako.

Kabla ya kuzungumza pesa, fungua mkataba wa nyumba. Watu wengi wanajua kwamba msaada utakwisha. Kwamba mkataba nao unakwisha, wachache wanajua. Nyuma ya mkataba wa vocha kuna karatasi za nyongeza, namba yake ni HUD-52641-A, na ndani yake kuna sentensi moja fupi: mkataba wa malipo kati ya ofisi ya nyumba na mwenye nyumba ukikoma kwa sababu yoyote, mkataba wa upangaji nao unakoma papo hapo. Tunaitafuta sentensi hiyo pamoja na mpangaji na kuipigia mstari kwa kalamu. "Baba, tazama hapa. Vocha ikifa, karatasi hii inakufa nayo, hata kama hapa juu imeandikwa bado miezi minne." Karatasi hizo hizo zinamlinda mpangaji vocha ikiwa hai: ofisi ikichelewa kulipa sehemu yake, mwenye nyumba haruhusiwi kumdai mpangaji sehemu hiyo wala kumtoa kwa sababu yake. Ulinzi huo nao unakwisha siku ile ile. Kwa hiyo lengo la mwaka mzima ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: pesa ya kodi kamili, na mkataba mpya uliosainiwa kabla ule wa zamani haujafa.

Sasa hesabu. Tunaifanya kwa penseli, juu ya karatasi moja, na tunamwacha mpangaji aandike mwenyewe, kwa sababu namba uliyoiandika kwa mkono wako haisahauliki upesi. Chukua familia ya watu sita, wazazi wawili na watoto wanne, nyumba ya vyumba vitatu, kodi dola 1,650 pamoja na maji na umeme. Baba anafanya kazi ghalani kwa dola 17.50 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni 36,400 kwa mwaka, yaani 3,033 kwa mwezi kabla ya makato. Ofisi ya nyumba inatoa punguzo kwa kila mtoto, tuseme 480 kwa mwaka, kisha inachukua asilimia 30 ya kinachobaki: karibu 862 kwa mwezi. Ndiyo sehemu ya mpangaji. Ofisi inalipa 788. Andika 788 kubwa, izungushie duara. Hilo ndilo pengo, na kila mtu mzima wa nyumba alijue kwa kichwa. Familia nyingi zinajua vizuri wanacholipa wao na hazijawahi kusikia ofisi inalipa kiasi gani. Namba hiyo imo katika barua ya kila mwaka ya ukaguzi wa kipato. Ikikosekana, iombeni kwa maandishi.

Hapa linakuja jambo linalowaumiza watu wengi zaidi kuliko yote. Mama anataka kuanza kazi, lakini nyumbani wanasema: ukianza kazi, ofisi itapandisha kodi, kwa hiyo kaa. Wengine wanaanza na kuficha. Ya kuficha ni hatari tupu. Ofisi inalinganisha taarifa zake na za mwajiri kwa kompyuta, na ikigundua inadai fedha zote za nyuma na inaweza kumfukuza mtu katika mpango, na deni hilo linamfuata kila atakapoomba nyumba ya msaada tena. Na ya kukaa nyumbani inatokana na hesabu ambayo haikumaliziwa. Mama akifanya kazi saa 20 kwa wiki kwa dola 15, analeta 1,300 kwa mwezi. Sehemu ya mpangaji inapanda kwa asilimia 30 ya hiyo, yaani 390. Ondoa makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni), karibu 100. Inabaki takriban 810. Tazama tena duara: 788. Yaani saa 20 za mama, vocha ikiwa bado hai, zinaacha mfukoni pengo lote na zaidi kidogo. Weka 810 hiyo benki kila mwezi kwa miezi sita na unapata 4,860. Stampu za chakula nazo zitapungua, na kodi ya mapato ya jimbo inatofautiana, kwa hiyo ifanye hesabu kwa namba zako. Lakini ukweli wa msingi haubadiliki: vocha ikiwepo, katika kila dola mpya ofisi inachukua senti 30. Vocha ikishaondoka, dola nzima inakwenda kuziba pengo na hakuna cha kuweka. Miezi ya mwisho ya vocha ndiyo miezi ya bei nafuu zaidi ya kuanza kazi ya pili. Ripoti kipato kipya ndani ya siku ambazo ofisi yako inazitaka, na uhifadhi nakala yenye muhuri au picha ya ulichotuma.

Kuweka hiyo 810 kuna adabu yake. Fungua akaunti ya pembeni, isiyo na kadi. Siku ya mshahara hamisha pesa kwanza, matumizi baadaye. Tunaita mazoezi ya kulipa: miezi mitatu ya mwisho familia inatoa 1,650 kila mwezi kana kwamba vocha imeshaondoka, sehemu yake kwa mwenye nyumba na iliyobaki kwenye akaunti ya pembeni. Mazoezi haya yanaonyesha mapema pale pagumu, na mara nyingi pagumu si chakula. Ni pesa za kutuma kambini au Bukavu, michango ya misiba, na bima ya gari. Hatumwambii mtu aache kumtumia mama yake pesa. Tunamwomba aandike kiasi, akitangaze kwa ndugu mapema, na akae hapo. Ndugu aliyeambiwa Januari kwamba kuanzia Juni itakuwa dola 50 badala ya 150 anaweza kujipanga. Aliyeshtukizwa Juni anapiga simu usiku, na kodi inaliwa.

Kama mko kwenye upatu, au likelemba, ombeni zamu yenu iangukie mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho wa vocha. Mwekahazina akielezwa sababu miezi kadhaa mapema, kubadilishana zamu si tatizo. Halafu marejesho ya kodi ya mapato: kwa familia zenye watoto na mishahara midogo ndiyo pesa kubwa kuliko zote za mwaka, na wanaopata nafuu ya kipato cha kazi (EITC) hawalipwi kabla ya katikati ya Februari. Kama vocha inakwisha mwaka huo, pesa hiyo ina jina tayari. Tumeona nyingi zikigeuka gari Machi, na Agosti gari hilo ndilo linalolaliwa. Nendeni kwa vituo vya bure vya kujaza fomu vinavyoitwa VITA. Mtu wa duka la pembeni anakata dola mia kadhaa.

Onyo moja kuhusu wazee. Akiba ya dola elfu chache haimwondolei mtu vocha, lakini babu au bibi anayepokea SSI, hela ya serikali ya kila mwezi kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ana kikomo cha akiba: dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa wanandoa. Usiifiche akiba ya familia katika akaunti ya bibi kwa sababu ni mtu wa kuaminika. Ikipita 2,000 mwisho wa mwezi, anapoteza hela yake ya mwezi, na nyumba nzima inatikisika.

Orodha za kusubiri ni kazi ya mwaka, na mtu asizidharau kwa sababu ni ndefu. Kwanza iulizeni ofisi yenu wenyewe maswali mawili, kwa maandishi: je, wenye vocha ya dharura wanapewa kipaumbele kuhamia vocha ya kawaida? Na je, mnatuhamisha wenyewe au ni lazima tuombe? Ofisi nyingine zimeweka kipaumbele hicho, nyingine hazina nafasi, na nyingine zinacho lakini kinamhusu tu aliyejaza fomu. Swali la pili ndilo limewaponza watu: walikaa wakisubiri kuhamishwa. Kisha ombeni kwingine kote: kaunti jirani, nyumba za umma, majengo ambayo msaada umefungwa kwenye jengo lenyewe (haya unaomba kwa meneja wa kila jengo), na kwa wazee wa miaka 62 na zaidi, majengo yao maalumu. Majengo yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi ya mapato yana kodi iliyowekewa kikomo, ila haipungui mshahara ukipungua. Wengi huchanganya haya na yale ambayo mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake. Kwa kila ombi andika kwenye daftari moja: tarehe, jina la orodha, namba ya uthibitisho, barua pepe na nywila iliyotumika. Ukihama au ukibadili namba ya simu, pita orodha zote siku hiyo hiyo. Barua ikirudi kwa mtumaji, jina linafutwa, na miaka yako ya kusubiri inakwenda nayo.

Mkalimani ombeni ofisini. Ulizeni kama mnampata bila malipo. Mtoto wa miaka 12 anajua Kiingereza vizuri, lakini hajui tofauti ya mkataba kukoma na mkataba kuvunjwa, na si vizuri abebe habari ya kwamba familia inaweza kutolewa nyumbani.

Miezi minne kabla ya mwisho, kaa na mwenye nyumba au meneja. Kabla ya kwenda, omba leja yako. Ni karatasi ya mstari kwa mstari: tarehe 1, kodi 1,650, tarehe 1, malipo ya ofisi ya nyumba 788, tarehe 4, malipo ya mpangaji 862, salio 0. Pitisha kidole kwenye kila mstari. Mara nyingi utakuta mahali fulani, miezi minane nyuma, pameandikwa adhabu ya kuchelewa 75. Mpangaji hakuijua. Kwa sababu ofisi nyingi za majengo huelekeza malipo mapya kwenye deni la zamani kwanza, mwezi uliofuata ulionekana umepungua 75, ukavuta adhabu nyingine, na sasa mtu ambaye hajawahi kukosa kulipa anaonekana mdaiwa wa mamia ya dola. Hapo vipande vya mani oda, vile unavyobaki navyo kama risiti, vina thamani. Viweke kwenye mfuko wa plastiki, vya kila mwezi, kwa mpangilio. Deni kama hili lisafishwe kabla ya kuomba mkataba mpya, siyo baada yake.

Kwenye mazungumzo, nenda na karatasi tatu: leja safi, hati za mishahara za miezi miwili, na barua fupi inayosema unataka kubaki na unaweza kulipa kiasi gani. Msiende kuomba huruma tu. Mwenye nyumba ana hesabu yake pia. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja anapoteza 1,650, bado rangi na zulia. Punguzo la dola 100 kwa mwezi kwa mwaka mzima linamgharimu 1,200. Ukimwekea hivyo mezani, ukiongeza kwamba utasaini miezi 12 au 18, wengine wanakubali. Wasipokubali punguzo, ombeni tarehe ya kulipa ilingane na siku ya mshahara, au kodi isipande mwaka wa kwanza. Lolote mlilokubaliana liingie ndani ya mkataba. Meneja huhama kazi, na aliyekuja baada yake anasoma karatasi tu.

Kwa maoni yetu, kubaki palepale ni bora kwa familia nyingi, hata nyumba ikiwa na kasoro zake. Majengo mengi hutaka kipato cha mara tatu ya kodi. Kwa 1,650 ni 4,950 kwa mwezi. Familia yetu ya mfano, baba na mama wakifanya kazi, ina 4,333, kwa hiyo kwingine itakataliwa kwa nyumba ile ile inayoishi sasa. Kwa kipimo hicho inaruhusiwa nyumba ya kama 1,440, na ya vyumba vitatu kwa bei hiyo ni adimu. Kuhama kwenye nyumba ya kodi kama hiyo kunataka kodi ya mwezi wa kwanza 1,650, amana 1,650, ada za maombi tuseme 50 kwa kila mtu mzima: 3,400 kabla hujakodi lori. Na ukikataliwa kwa sababu ya ripoti ya historia yako, una haki ya kuambiwa kampuni iliyoiandika na kuomba nakala bure ndani ya siku 60. Ombeni nakala hiyo. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa Januari 1, na majina yetu yanafanana; ripoti za watu wawili huchanganywa, na unakataliwa kwa kesi ya mtu usiyemjua.

Kuhamia kwa ndugu hadi mambo yakae sawa kunaonekana rahisi, lakini majengo mengi huruhusu watu wawili kwa chumba. Familia ya sita ikiingia kwenye nyumba ya ndugu yenye watu watano, meneja akijua, familia mbili zinakuwa hatarini badala ya moja.

Kosa la baada ya mwisho ni la kimya. Mpangaji anaendelea kulipa 862 kama kawaida, mfumo wa malipo unaipokea, hakuna anayesema neno. Kila mwezi 788 inaongezeka. Miezi mitatu ni 2,364, na kisha inakuja karatasi ya mahakama. Ikija, nenda mahakamani siku iliyoandikwa, hata kama unadaiwa kweli. Asiyefika anashindwa bila kusikilizwa. Piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye misaada, kuuliza msaada wa kisheria wa bure na fedha za dharura za kodi, na uwapigie hata kabla deni halijafika huko. Kesi ya kutolewa nyumbani inaweza kuonekana kwenye ripoti kwa miaka saba. Kama unaona huwezi, ni afadhali kukubaliana kwa maandishi na mwenye nyumba tarehe ya kuondoka kabla hajafungua kesi.

Mkataba mpya ukishasainiwa, peleka nakala kwenye ofisi ya stampu za chakula wiki hiyo. Gharama ya nyumba inaingia kwenye hesabu yao, na kodi ikipanda kutoka 862 hadi 1,650, stampu zinaweza kuongezeka. Bila karatasi hawajui. (Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliwaondoa kwenye stampu wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, kwa hiyo uliza hali ya kila mtu wa nyumba kabla ya kuiweka stampu kwenye bajeti.) Hakikisha mkataba mpya unaitaja amana uliyoweka zamani kwamba imehamia humo, usije ukatozwa mara ya pili.

Mwezi wa kwanza wa kodi kamili, lipa siku mbili kabla ya tarehe 1 na chukua risiti. Tarehe 10 rudi ofisini uombe leja tena. Mstari wa ofisi ya nyumba usiwepo, malipo yako yasomeke 1,650, na salio lisome 0. Likisoma kitu kingine, mweleze meneja siku hiyo hiyo, kwa barua pepe, na ambatisha picha ya risiti.